Kichwa Kalenga, Mwili Mlambalasi

Mara ya kwanza kuingia makumbusho ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, pale Kalenga, nilikaa ndani dakika kumi na mbili. Nazikumbuka kwa sababu dereva wa Coaster alisimama mlangoni na saa yake, akitukumbusha kwamba gari ni la watu. Ilikuwa Agosti 2015. Nilikuwa na wanafunzi ishirini na nane wa kidato cha pili, tumetoka Mufindi alfajiri, tumeshapita Isimila, na watoto walikuwa wameahidiwa chipsi Iringa mjini. Tukaingia kwa mstari, tukatazama mikuki, ngao na picha, tukapita mbele ya kasha la kioo lenye fuvu, tukatoka kwa mstari.

Pale kwenye kasha, binti mmoja mpole, ambaye darasani hunyoosha mkono labda mara moja kwa muhula, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Madam, wanajuaje kama ni la kwake?"

Nikamjibu, "Songa mbele, wenzako wanasubiri."

Nimetoa majibu mabovu mengi katika kazi hii, lakini hilo bado linaniuma. Kisa chenyewe ni kwamba swali lilikuwa zuri na mimi sikuwa na jibu. Wakati ule sekondari tulifundisha historia kwa Kiingereza, na watoto wale walikuwa wamekariri vita vya Wahehe kama wanavyokariri fomula za kemia, tarehe na majina bila ladha yoyote mdomoni. Siku ile mwongoza wageni alizungumza nao Kiswahili, tena Kiswahili cha Iringa chenye ule mvuto wake, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono inanyanyuka. Nami nikaiteremsha kwa sababu ya Coaster.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa Iringa. Ni Mngoni, nimezaliwa Songea, nikaolewa huku. Wangoni na Wahehe walipigana miaka ya 1870 na 1880 hadi wakachoka wakawa watani, kwa hiyo sijawahi kwenda ukweni bila kukumbushwa kwamba babu zangu walikimbia. Mimi hushikilia kwamba waliokimbia ni wao. Ubishi huu hauna refa.

Wiki tatu baada ya safari ile, patroni wa bweni la wavulana akaniletea jiwe. Lilikuwa zito, urefu wake kama kiganja na vidole, pana upande mmoja na limechongoka upande wa pili, kingo zake zimemegwa kwa mpangilio ambao mto hauwezi kuufanya. Kijana mmoja alikuwa ameliokota Isimila, akalitia kwenye begi katikati ya madaftari, na sasa wenzake walikuwa wanalitumia kuzuia mlango usijifunge.

Isimila ni korongo, kilomita kama 20 kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya. Wengi huenda kupiga picha na zile nguzo za mchanga mgumu ambazo maji na upepo vimezichonga zikasimama kama watu warefu waliokatazwa kukaa. Nguzo ni nzuri, sikatai. Lakini kilichoipa Isimila jina duniani kimelala chini, nayo ni mashoka ya mkono na zana nyingine za mawe, zilizotengenezwa na binadamu wa kale zaidi ya miaka 200,000 iliyopita, nyingi zikiwa bado pale chini. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja aliyetokea Afrika Kusini alipita hapo, akazitambua, na mwaka 1957 wataalamu wakaja kuchimba. Kwa hiyo kijana wangu hakuwa mwanafunzi wa kwanza kuinama na kuokota. Tofauti ni kwamba yeye aliokota akiwa anawahi gari.

Nikalifunga jiwe kwenye kitenge, nikapanda basi siku ya Jumamosi. Konda akaniuliza kama nimebeba jiwe la kunolea visu. Nikamwambia ndiyo, na sikuwa mbali na ukweli.

Mhifadhi niliyemkuta hakunifokea, ingawa alikuwa na haki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haina mzaha na watu wanaoondoka na vitu vya namna ile, na alinikumbusha hivyo kwa upole ambao ulinitoa jasho zaidi kuliko makaripio. Kisha akalipokea jiwe kwa mikono miwili, akaligeuzageuza, akaniuliza: "Mwalimu, lilikuwa limelala wapi?"

"Hapa korongoni."

"Korongo ni kubwa. Upande gani? Juu ya mchanga au limechomoza ukutani? Karibu yake kulikuwa na mengine?"

Sikujua. Nikampigia patroni, patroni akampa kijana simu, kijana akasema kulikuwa na kichaka. Tulikuwa tumezungukwa na vichaka. Mhifadhi akatikisa kichwa, akaliweka kwenye sanduku lililokuwa na mawe mengine ya aina hiyo, yaliyorudi kama lilivyorudi hili. "Sasa hili ni jiwe zuri tu," akasema, akafunga sanduku.

Nilirudi Mufindi nikiwa nimekaa dirishani, na sikuwaza jiwe. Niliwaza fuvu. Kumbe binti yule alikuwa ameuliza swali lilelile la mhifadhi, ila kwa kitu kizito zaidi.

Nikaanza kusoma, safari hii si kwa ajili ya andalio la somo. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Alikuwa amewindwa porini karibu miaka minne, mgonjwa, amebaki na watu wachache mno, na Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000. Kichwa kikakatwa, kikaondoka. Hadi hapo nilikuwa najua. Nisichokijua ni kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao mimi mwenyewe niliufundisha kila mwaka na masharti yake yote ya fidia na mipaka, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Othman uliochukuliwa Madina. Cha pili ni fuvu la Sultani Mkwawa. Nilikisoma kifungu kile mara tatu nikiwa peke yangu ofisi ya walimu. Miaka yote nimewaambia watoto kwamba Versailles ni habari za Ulaya.

Miezi sita ikawa miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen, Ujerumani, akaoneshwa mkusanyiko wa mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Wajerumani. Yakachambuliwa yale ambayo vipimo vyake vinakaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo likachaguliwa lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Nilimtafuta yule binti. Alikuwa tayari kidato cha tatu. Nikamweleza yote, Bremen, vipimo, tundu la risasi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe na wao walikisia tu, madam." Nikataka kumrekebisha, nikakosa la kurekebisha. Wapo wanahistoria wanaosema kama alivyosema yeye.

Mambo haya niliyapeleka ukweni kama mtu anayepeleka zawadi. Baba mkwe alikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1954, na nilitegemea anipe ushuhuda wa kuandika kwenye daftari. Alikuwa amekaa nje, koti la baridi limefungwa hadi shingoni, anamenya mahindi.

"Nilibebwa mabegani na baba mdogo," akasema. "Niliona migongo ya watu na kofia za Wazungu. Fuvu sikuliona. Nikasikia akina mama wanalia, nikadhani amekufa mtu wa kijijini kwetu. Nikalia na mimi."

"Na baadaye ulikwenda kuliona, Baba?"

"Sijawahi."

Nyumba yake haifiki hata saa moja kwa daladala hadi Kalenga. Nikabaki mdomo wazi. Akaendelea kumenya, kisha akaniuliza, "Mama Upendo, na mwili umeuona?"

"Mwili upi, Baba?"

"Mwili wa Mtwa. Uko Mlambalasi." Akacheka kile kicheko chake cha utani. "Miaka yote hii Mngoni unafundisha kichwa bila kiwiliwili. Ndiyo maana wanafunzi wako wanafeli."

Ilikuwa kweli, ukiacha hilo la kufeli. Nilijua jina Mlambalasi kama jibu la swali la mtihani. Haikuwahi kunijia kwamba ni mahali, pana barabara inayofika, na kwamba sehemu kubwa ya mtu ninayemfundisha imelala huko.

Tukapanga safari wiki ya mwisho ya Desemba 2016, mume wangu akiwa ndiye dereva, Noah ya kuazima, mimi na baba mkwe nyuma na dumu la maji. Mvua zilikuwa zimeanza na ulanzi nao, ile pombe ya mianzi, kwa hiyo baba mkwe aliweka sharti kwamba jioni tutapita mahali fulani. Tulikubali.

Kabla ya hapo, nieleze kidogo mambo ambayo hayaandikwi popote na ambayo nimeyalipia kwa nauli yangu. Vituo vidogo vya vijijini haviendi kwa saa zilizoandikwa ukutani. Kimoja, sitakitaja, nilikifikia saa nne asubuhi nikakuta kufuli, mwenye ufunguo ameenda msibani. Nilikasirika robo saa nzima. Halafu jirani akaniambia msiba wenyewe ni nyumba ya tatu kutoka pale, nikaenda, nikatoa rambirambi, nikakaa na akina mama jikoni. Mwenye ufunguo alipomaliza alinizungusha muda mrefu kuliko mgeni yeyote anavyozungushwa. Kwingine namba ya malipo ilikataa kutoka kwa sababu mtandao umelala, tukakaa chini ya mti kuungoja, na mzee mmoja aliyekuwa amepumzika hapo akatueleza habari za eneo lile kwa kina ambacho bango la ndani halikuwa nacho. Siku hizi nikienda na watoto, natenga siku nzima kwa kituo kimoja. Nampigia mhusika siku moja kabla. Na kitabu cha wageni nakisoma kabla ya kukisaini, maana kurasa za nyuma hukuonesha nani amekuja kutoka wapi, na mara nyingi utakuta wa kutoka mbali ni wengi kuliko wa kijiji cha jirani.

Tulianzia Lugalo, ingawa iko upande mwingine kabisa, njia ya Dar es Salaam. Mume wangu alinung'unika kuhusu mafuta. Kuna mnara wa mawe uliowekwa kumkumbuka Emil von Zelewski na wenzake waliouawa tarehe 17 Agosti 1891, na malori ya Zambia yanapita hapo karibu yakivuma. Watu wa Pwani walimfahamu Zelewski kabla ya Wahehe, kwani ndiye yule aliyekuwa Pangani mwaka 1888, na vituko vyake vilikuwa moja ya cheche za vita vya Abushiri, pale watu wa Pwani walipowainukia Wajerumani. Wenyeji walimwita Nyundo. Alipanda bara na kikosi chake na mizinga, akaingia kwenye mtego wa Mkwawa, na katika muda mfupi sana zaidi ya watu 300 wa upande wake walikuwa wamekufa. Wengi wao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa askari wa Kisudani, askari waliochukuliwa Msumbiji, na wapagazi.

Baba mkwe aliuzunguka mnara akiwa ameweka mikono nyuma. "Wapagazi nao wamo humu?" akaniuliza. Nikamwambia mnara ni wa Zelewski na wenzake. "Mpagazi si mwenzake," akasema, akarudi kwenye gari. Katika somo langu la Lugalo, miaka yote, wapagazi walikuwa hawamo pia.

Tosamaganga ndiko nilikojifunza kusimama. Ni misheni ya Kikatoliki juu ya kilima, walioianzisha ni Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1890, na baada ya Vita vya Kwanza wakaja Wakonsolata wa Italia. Kanisa lake ni kubwa kiasi kwamba ukilikuta ghafla kati ya migomba na nyumba za bati unahisi limeshushwa kutoka mahali pengine. Historia ya waliokuja kwanza imejaa pale, shule, hospitali, makaburi ya mapadri na masista waliokufa mbali na kwao, na nisingependa kuipuuza. Watu wengi wa Iringa walianza kusoma na kutibiwa hapo, baba mkwe akiwa mmojawapo.

Lakini alinitoa uani, akanipeleka ukingoni mwa kilima, akanielekeza bondeni. "Kalenga iko kule." Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1894 mizinga ya Wajerumani ilitupwa kutoka kilimani huku, na kwamba jina lenyewe, Tosamaganga, linatokana na kutupa mawe. Wapo wanaolieleza jina vingine. Ninachojua ni kwamba ngome ya Kalenga ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, na kwamba nikiwa nimesimama ukingoni pale nilielewa kwa miguu yangu kitu ambacho ramani ya ubaoni haijawahi kunieleza. Ngome ile, na ukuta wake wa mawe uliojengwa kwa miaka, ilikuwa imara kwa adui anayekuja na mkuki. Kwa adui aliyekaa kilimani na mzinga ilikuwa kama sahani mezani. Nilipokuwa Kalenga nilikuwa nasimama ndani ya sahani na kushangaa kwa nini chakula kiliisha.

Sasa nikiwa na wanafunzi naanzia Tosamaganga, nawasimamisha ukingoni, nawauliza wao ni nani. Ukiwaambia "ninyi ni askari wa mzinga" wanakaa kimya namna fulani. Ukiwashusha Kalenga na kuwaambia "sasa ninyi mko ndani," wanageuka wenyewe kutazama kilimani.

Makumbusho ya Boma pale mjini, yaliyofunguliwa mwaka 2016 ndani ya jengo la enzi za Wajerumani, tulipita siku nyingine. Ni safi, maandishi yanasomeka, na vifaa vya nyumbani vya watu wa nyanda hizi vimepangwa kwa mapenzi. Mama mkwe alikiona kinu kama chake akataka kujua wamekinunua bei gani.

Kuhusu kwetu Songea nina aibu kidogo. Nimekulia mwendo wa miguu kutoka makumbusho ya Majimaji, na kila Februari 27 tulipelekwa na shule kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, tukisimama juani huku tukifikiria soda. Ilibidi nizunguke Uheheni kwanza ndipo nirudi kuliangalia kaburi la Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa Wangoni, ambaye kichwa chake, kama wazee wetu wanavyosimulia, kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Mwezi Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuja pale Songea, akaomba msamaha na kuahidi kwamba kitatafutwa. Mama yangu alikuwa akisikiliza redioni. Aliniuliza, "Wakikipata watakijuaje?" Nikamwambia habari za Bremen. Akaguna tu.

Turudi kwenye Noah. Mlambalasi ni kilomita kama 50 kutoka mjini, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Njia ile watalii huipita kwa kasi wakiwahi tembo, na vumbi lao huachiwa wanaotembea kwa miguu. Mvua ilikuwa imeifanya nchi kuwa kijani changa, mibuyu ikiwa imevaa majani yake ya msimu. Kijijini tulimchukua kijana wa kutuonesha njia, baba mkwe akazungumza naye Kihehe, na ndani ya dakika tano wakawa wamegundua undugu, kwani Wanyalukolo, kama watu wa Iringa wanavyoitwa, hawakosi undugu.

Kaburi liko chini ya kilima cha mawe. Limejengewa, na lipo kaburi la pili karibu yake, la mtumishi aliyekufa pamoja naye. Hakuna kasha la kioo wala picha ukutani. Ni kimya, ndege, na harufu ya majani yaliyolowa. Nilikuwa nimebeba daftari, na nililifungua kwa mazoea, nikaandika tarehe, nikakosa la kuongeza.

Baba mkwe alivua kofia. Akasema "Kamwene," salamu ya Kihehe, kama mtu anayebisha hodi, halafu akakaa juu ya jiwe upande wa lile kaburi la mtumishi. Hatukusemeshana kwa muda ambao sikuupima.

Baadaye tulipanda hadi kwenye pango lililo juu. Si pango refu, ni mwamba mkubwa ulioinamia, unaoweza kukinga mvua watu wengi. Hapo ndipo watafiti wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichimba mwaka 2006 na 2010. Wamekuta mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita, zana za mawe, na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Nilimweleza baba mkwe, nikitegemea atashangazwa na hizo shanga, maana mimi zilinishangaza. Mtu aliyekaa hapa chini ya mwamba, na jioni akatoboa ganda la yai ili ajipambe!

Yeye aliutazama mwamba juu na chini. "Kumbe alipokuja kufia hapa," akasema, "aliwakuta wenyeji."

Nilikaa pale pangoni nikawaza sanduku la Isimila. Wachimbaji wa pangoni wanajua kila ushanga umetoka kina gani, upande gani, kando ya nini, na ndiyo maana ushanga mmoja mdogo unaweza kuzungumza habari za maelfu ya miaka. Shoka la mwanafunzi wangu ni kubwa mara mia na limenyamaza. Na kule Kalenga lipo fuvu ambalo huenda ni lenyewe, limezungushwa dunia nzima, likapimwa na kuhesabiwa kati ya mafuvu 84, na mwenye mwili yuko hapa chini hajahamishwa hata hatua moja. Umbali kati yao ni chini ya saa moja na nusu kwa gari, na mimi niliufunga kwenye dakika kumi na mbili.

Tulipofika tena karibu na Kalenga jua lilikuwa limeshuka. Mume wangu aliuliza kama tupitilize, kwa sababu ya lile sharti la ulanzi. Baba mkwe akasema, "Kata kushoto kwa makumbusho."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Mhifadhi alikuwa anajiandaa kufunga, lakini alipomwona mzee akaacha mlango wazi, akamwamkia. Hakutuharakisha. Baba mkwe alipita kwenye mikuki bila kusimama, akapita kwenye ngao, akafika kwenye kasha la kioo. Alikuwa ameshavua kofia tangu nje. Akainama kidogo, jinsi wazee wanavyoinama kuzungumza na mgonjwa aliyelala, akasema maneno machache kwa Kihehe, ya chini sana. Mimi Kihehe changu ni cha sokoni na msibani, sikuambulia kitu. Akatoka nje. Mume wangu alikuwa anasikia, lakini aliangalia ukutani kama mtu aliyekuta watu wawili wanazungumza mambo yao.

Garini nilivumilia mpaka tukafika lami.

"Baba, samahani. Ulimwambia nini?"

Alikuwa anafunga vifungo vya koti, maana baridi ya jioni ilikuwa imeanza.

"Nimemwambia tumetoka kule," akasema. "Nimemwambia mvua imenyesha."